Shajara ya mradi: injini ya sataranji isiyojiita, ndani ya kilobaiti 20

3 Februari 2024. Kifaa, chipu na bei

Mradi huu ni kifaa cha kuchezea sataranji kwa ajili ya kilabu cha watoto hapa Walukuba, Jinja. Mtoto anapanga kete kwenye ubao wa kawaida, anaingiza hatua yake kwa vitufe vinne, na kifaa kinamjibu kwenye skrini ndogo. Kinakula chaji ya pawabenki ya simu, kwa hiyo stima ikikatika mchezo unaendelea. Tangu Phiona Mutesi wa Katwe aende kuiwakilisha Uganda kwenye Olimpiadi ya sataranji ya Khanty-Mansiysk mwaka 2010, wazazi wengi ninaokutana nao hawaulizi tena mchezo huu una faida gani. Kinachokosekana ni mpinzani mzuri wa jioni, mwalimu akishaondoka.

Chipu ni STM32F103C8, ile ya vibao vya bluu: megahezi 72, kilobaiti 64 za kuhifadhi programu, kilobaiti 20 za kumbukumbu ya kufanyia kazi. Injini, yaani programu inayofikiria hatua, ilikuwa tayari, imeandikwa kwa C kwenye laptopu, na huko inacheza mchezo wa heshima. Utafutaji wake ni alfa-beta ya kawaida, njia inayoacha matawi yasiyoweza kubadili jibu: kuna funksheni (kipande cha programu) moja, inacheza hatua, inajiita yenyewe ili kuuliza mpinzani atajibu nini, inarudisha hatua, inajaribu nyingine.

Bei, kwa shilingi za Uganda: kibao 28,000; skrini 25,000; kifaa cha kupakia programu 30,000; vitufe, waya na ubao wa kuunganishia 12,000. Nauli ya kwenda Kampala na kurudi, 30,000. Jumla 125,000.

10 Februari 2024. Kibao kinakataa programu

Programu ya kupakia ilikataa kuzungumza na kibao. Ilikuwa inatarajia kitambulisho 0x1ba01477, chipu ikajibu 0x2ba01477. Hiyo ni dalili ya chipu ya kuiga, na vibao vingi vya bei nafuu vinazo. Si lazima kutupa kibao. Ukitumia OpenOCD (programu ya kupakia), weka CPUTAPID iwe 0x2ba01477 kwenye mipangilio, kisha endelea. Yangu inafanya kazi hadi leo bila shida nyingine.

Injini ikapanda, ikacheza hatua chache, halafu skrini ikaganda. Mara nyingine haikuganda bali malkia mweusi alitoweka ubaoni bila kuliwa na mtu.

24 Februari 2024. Kumbukumbu inakwenda wapi

Kwenye chipu hii staki (sehemu ya kumbukumbu ambamo funksheni huweka vitu vyake vya muda) huanzia juu ya kumbukumbu na kushuka, na vigeu vya kudumu vimekaa chini. Hakuna ukuta katikati. Staki ikishuka mno inaandika juu ya vigeu, na kigeu kimojawapo ni ubao wa mchezo. Ndiyo maana malkia alitoweka.

Hesabu yake ni fupi. Kila mara funksheni inapojiita, inatenga orodha yake ya hatua: nafasi 256, kila hatua baiti 4, yaani kilobaiti 1. Ngazi kumi za utafutaji wa kawaida, juu yake ngazi nyingine kumi za kufuata kete zinazoliwa, na kilobaiti zote 20 zimekwisha kabla hujaweka ubao wala skrini. Nafasi yenye hatua nyingi zaidi inayojulikana katika sataranji ina hatua 218, lakini nafasi ya kawaida ina kama 35. Kutenga 256 kila ngazi ni kutenga hewa.

Dawa ya kwanza haihusiani na kujiita hata kidogo. Niliziondoa orodha kwenye funksheni, nikaweka bwawa moja la hatua linalotumiwa na ngazi zote. Kila ngazi inakumbuka tu fahirisi mbili, orodha yake inapoanzia na inapoishia. Hatua nayo niliikunja kuwa baiti 2: biti 6 za inakotoka, 6 za inakokwenda, 4 za aina ya hatua. Bwawa la hatua 1,024, pamoja na baiti moja ya cheo kwa kila hatua ili zipangwe, ni baiti 3,072 tu. Kuna sharti moja: kabla ya kutoa hatua mpya, angalia kama nafasi 218 bado zipo bwawani, kama hazipo, rudisha tathmini ya ubao ulivyo, usiendelee chini.

Baada ya hapo injini inayojiita iliingia kwenye chipu bila kuanguka. Kwa hiyo msomaji anayetaka kuokoa kumbukumbu peke yake anaweza kuishia hapa. Mimi naendelea, hadi kuondoa kujiita kabisa, kwa sababu mbili. Kwanza, vitufe. Injini ikiwa imezama ngazi kumi na mbili chini, hakuna njia safi ya kumtazama mtoto anayebonyeza, isipokuwa kupachika ukaguzi ndani ya utafutaji na kubeba bendera ya "acha" kupanda ngazi zote. Pili, nataka kujua ukubwa wa utafutaji kabla ya kuuwasha. Staki ya funksheni inayojiita huijui mpaka uipime, na siku inapovuka mpaka haikuambii.

2 Machi 2024. Mzunguko wa kwanza

Wazo lenyewe, kutafuta bila funksheni kujiita, ni la zamani. Cray Blitz, programu ya Robert Hyatt na wenzake iliyoshinda ubingwa wa dunia wa sataranji ya kompyuta mwaka 1983 na tena 1986, iliandikwa kwa Fortran, na Fortran ya wakati huo haikuruhusu funksheni kujiita. Utafutaji wake ulikuwa mzunguko mmoja wenye safu za kila ngazi. Baadaye umbo hilo liliwasaidia sana walipogawa kazi kwa vichakata vingi, kwa kuwa hali ya utafutaji ilikuwa wazi mezani na kichakata kingine kiliweza kuja kuchukua sehemu yake.

Fikiria daftari la deni la muuza duka: kila mstari una jina, kiasi na alipofikia kulipa, na kidole cha mwenye duka kiko kwenye mstari mmoja kwa wakati. Hapa kila ngazi ni mstari, na kidole ni namba n. Mstari wangu una alfa na beta (mipaka ya chini na ya juu ya alama) na alama bora; mwanzo wa orodha, hatua ijayo na mwisho wa orodha; hatua iliyochezwa na hatua bora. Hizo ni namba nane za baiti 2. Kisha baiti moja moja: kina kilichobaki, rejeo (mahali pa kurudi), idadi ya hatua halali, kete iliyoliwa, haki za kasri (ruhusa ya mfalme na ngome kusogea pamoja), mraba wa kula njiani (kumla askari aliyeruka miraba miwili), na hesabu ya kanuni ya hatua hamsini (zikipita bila kula wala kusogeza askari, sare inaruhusiwa). Mwisho, ufunguo wa Zobrist, namba inayotambulisha nafasi nzima ya ubao, wa baiti 4. Jumla baiti 27, kompaila (programu inayogeuza C kuwa lugha ya chipu) inazipanga kuwa 28. Mistari 32 ni baiti 896.

Mzunguko wenyewe, ukiwa umevuliwa mapambo:

```
INGIA:
  kama kina[n] = 0, au n = 31, au bwawa limekaribia kujaa:
      jibu = tathmini;  n = n - 1;  nenda rejeo[n]
  toa hatua zote bwawani;  bora[n] = -32000;  nenda CHAGUA

CHAGUA:
  kama hatua zimeisha: nenda TOKA
  cheza hatua ijayo
  alfa[n+1] = -beta[n];  beta[n+1] = -alfa[n]
  kina[n+1] = kina[n] - 1
  rejeo[n] = RUDI;  n = n + 1;  nenda INGIA

RUDI:
  rudisha hatua;  s = -jibu
  kama s > bora[n]: bora[n] = s
  kama s > alfa[n]: alfa[n] = s
  kama alfa[n] >= beta[n]: nenda TOKA
  nenda CHAGUA

TOKA:
  kama hakuna hatua halali: bora[n] = chekimeti au sare
  jibu = bora[n];  rudisha bwawa hadi mwanzo[n]
  n = n - 1
  kama n < 0: kazi imekwisha
  nenda rejeo[n]
```

Ni fupi, na ufupi wake unadanganya. Kazi yote iko kwenye neno "rejeo". Funksheni inayojiita huachiwa na kichakata mahali pa kurudi, bure, bila mwandishi kufikiria. Hapa mahali hapo lazima pawe baiti ninayoiandika mwenyewe.

16 Machi 2024. Kuhesabu kabla ya kucheza

Ramadhani imeingia, kwa hiyo kazi inafanyika baada ya tarawehe, na nyumba ikiwa kimya inakwenda vizuri.

Kabla ya kuuliza injini ina akili gani, iulize kama inajua kanuni. Waandishi wa injini hutumia jaribio la perfti: ondoa kupogoa kote (kule kuacha matawi), hesabu nafasi zote zinazofikika kwa kina fulani, linganisha na namba zinazojulikana. Kutoka mwanzo wa mchezo ni 20, 400, 8,902, 197,281, kisha 4,865,609. Mzunguko mpya ulitoa zote tano sawasawa mara ya kwanza.

Halafu nikauweka kwenye nafasi iitwayo Kiwipete, ambayo imesheheni kila kanuni ngumu kwa makusudi. Inatakiwa kutoa 48, 2,039, 97,862 na 4,085,603. Mbili za kwanza zilikuwa sawa, ya tatu ikakosea.

Chanzo kilikuwa haki za kasri. Mstari una nafasi ya kuzihifadhi, lakini sehemu ya kucheza hatua ilikuwa inazisoma na kuzibadilisha kwenye kigeu kimoja cha jumla, na RUDI ikirudisha kete bila kurudisha haki. Katika toleo linalojiita nakala ya zamani ilikuwa kigeu cha ndani ya funksheni, ikajirudisha yenyewe. Mfalme akisogea kwenye tawi moja, anapoteza haki kwenye matawi yote yanayofuata.

Kwa nini namba za mwanzo wa mchezo hazikuliona kosa hili? Kwa sababu kutoka nafasi ya kuanzia, kasri ya kwanza haiwezi kuonekana kwenye hesabu mpaka ufike kina cha 7. Unaweza kuhesabu mamilioni ya nafasi sahihi ukiwa na kanuni iliyovunjika. Anayefuata kazi hii asiridhike na 4,865,609. Aende Kiwipete.

Kanuni niliyoibandika ukutani: chochote ambacho hatua inakibadilisha na ambacho hakiwezi kukisiwa kwa kuitazama hatua yenyewe, kinakaa kwenye mstari. Ni vitu vinne pamoja na ufunguo: kete iliyoliwa, haki za kasri, mraba wa kula njiani, hesabu ya hatua hamsini.

30 Machi 2024. Pacha wawili lazima wafanane

Nilirudisha kupogoa, na injini ikaanza kucheza hatua ya kwanza kwenye orodha, kila mara, ikiwa imetazama nodi (nafasi za kwenye utafutaji) chache ajabu. Hitilafu ilikuwa kwenye namba. Alfa ya mwanzo niliiweka -32768, ambayo ni ndogo kuliko zote zinazoingia kwenye baiti 2. Kinyume chake ni 32768, na baiti 2 zinaishia 32767, kwa hiyo inageuka na kuwa -32768 tena. Beta ya mtoto (ngazi inayofuata ya utafutaji) ikawa chini kuliko kila alama, na kila tawi likapogolewa papo hapo. Sasa mipaka ni -32000 na 32000, na chekimeti ni 30000 ukitoa ngazi ilipotokea, ili injini ipende chekimeti ya karibu kuliko ya mbali.

Baada ya hapo niliweka jaribio ambalo ninalithamini kuliko yote katika mradi huu. Toleo linalojiita halikufutwa. Lipo kwenye laptopu kama pacha. Kwa kina kile kile, jedwali la nafasi (linalokumbuka alama za nafasi zilizokwisha kutafutwa) likiwa limezimwa, matoleo mawili lazima yatoe alama ile ile, hatua ile ile, na idadi ile ile ya nodi hadi ya mwisho. Alama kufanana haitoshi, maana alfa-beta inaweza kufika jibu sahihi kwa njia mbovu. Nodi moja ikizidi, kuna kitu.

Na zilizidi, kuanzia kina cha 6. Kisha zikapungua mno kwenye kina cha 7. Nilikuwa na milango miwili ya kutokea: mmoja hatua zikiisha, mwingine beta ikivukwa. Wa kwanza ulirudisha bwawa hadi mwanzo wa ngazi, wa pili haukurudisha. Bwawa lilijaa taratibu, ulinzi wa nafasi 218 ukaanza kuitikia, na injini ikawa inatoa tathmini ya juu juu mahali pa kutafuta. Kadiri ilivyopewa muda zaidi ndivyo ilivyozidi kuwa dhaifu. TOKA unayoiona kwenye mzunguko hapo juu ni mlango mmoja kwa sababu hiyo. Toleo nililoandika tarehe 2 nimelisahihisha ili mtu asinakili lililovuja.

20 Aprili 2024. Utafutaji wa utulivu

Baada ya Idi nimeingiza utafutaji wa utulivu, ule unaofuata kete zinazoliwa mpaka ubao utulie. Kwenye toleo linalojiita ilikuwa funksheni ya pili. Hapa haihitaji mzunguko wa pili: kina kikiwa sifuri au chini yake, INGIA inachukua tathmini kama alama bora ya kuanzia, inajaribu kupogoa nayo, kisha inatoa hatua za kula peke yake.

Injini ikaanza kugawa kete. Farasi kwa askari, ngome kwa askofu, bila sababu. Kulinganisha na pacha kulionyesha kwamba kwenye mzunguko alama za majani mengi, yaani nafasi za mwisho wa matawi, ni 0. Sababu ni TOKA: ikikuta idadi ya hatua halali ni sifuri inatangaza chekimeti au sare, na nafasi tulivu ambayo haina cha kula ina hatua sifuri kwenye orodha yake. Kila ubao uliotulia ukahesabiwa sare. Hukumu hiyo sasa inatolewa tu pale kina kinapozidi sifuri.

11 Mei 2024. Njia tatu za kurudi

Hii ndiyo sehemu ambayo ingenifaa sana kama mtu mwingine angekuwa ameiandika kabla yangu.

Injini nzuri haijiiti mahali pamoja tu. Yangu ilikuwa inajiita sehemu tatu. Ya kwanza ni hatua tupu: mwachie mpinzani acheze mara mbili mfululizo, tafuta kwa kina kilichopunguzwa, na kama bado uko juu ya beta basi nafasi ni nzuri kiasi cha kupogoa. Ya pili ni dirisha finyu: hatua ya kwanza inatafutwa kwa dirisha kamili, zinazofuata kwa dirisha la alfa na alfa+1, kuuliza tu kama zinaizidi. Ya tatu ni marudio: hatua ikiizidi alfa na haijafika beta, itafutwe upya kwa dirisha kamili.

Kila mahali palipokuwa na wito ni rejeo moja. Hesabu miito iliyomo kwenye funksheni yako kabla ya kuanza, na hiyo ndiyo idadi ya hali za kurudi utakazohitaji. Zangu ni RUDI_TUPU, RUDI_FINYU na RUDI.

Toleo la kwanza lilipitisha hatua tupu kwenye RUDI ya kawaida. RUDI inarudisha "hatua iliyochezwa" ya mstari, na mstari huo haukuwa umecheza chochote. Ulikuwa na hatua ya zamani iliyobaki kutoka nodi nyingine ya ngazi ile ile. Kete ziliota ubaoni. RUDI_TUPU sasa inarudisha zamu, mraba wa kula njiani na ufunguo, haigusi kete.

Kwa upande mwingine, hapa nilipata raha ambayo sikuitarajia. Hatua tupu mbili mfululizo ni marufuku. Kwenye toleo linalojiita ilibidi kubeba hoja ya ziada kwenye kila wito ili mtoto ajue alivyozaliwa. Kwenye mzunguko mtoto anatazama mstari wa juu yake: kama rejeo[n-1] ni RUDI_TUPU, asijaribu. Habari ya wazazi wote iko pale, inasomeka. (Usitumie hatua tupu mfalme akiwa kwenye cheki, wala upande ukiwa umebaki na mfalme na askari tu, kwani huko mwishoni mwa mchezo, mara nyingi, kulazimika kucheza ni hasara.)

Marudio ndiyo yaliyochukua muda mrefu kuliko yote. RUDI_FINYU ikiona inatakiwa kutafuta upya, hairudishi hatua. Inashuka tena kwa mtoto yule yule na dirisha pana. Nilibadilisha alfa na beta za mtoto nikaacha mengine. Nafasi za kawaida zilikwenda sawa na pacha. Nafasi zenye cheki nyingi hazikuisha. Sababu ni kwamba mfalme akiwa kwenye cheki, INGIA inaongeza kina cha mstari wake kwa 1. Mstari wa mtoto ulikuwa umeshaongezwa safari ya kwanza, safari ya pili ukaongezwa tena juu ya ile ya kwanza, na kila marudio yakawa marefu kuliko yaliyotangulia.

Katika kujiita, mtoto anapewa nakala za hoja na nakala zinakufa naye. Katika mistari, mtoto anaandika juu ya karatasi ambayo mzazi ataisoma au kuitumia tena. Kwa hiyo sasa hakuna sehemu inayogusa mstari wa n+1 moja kwa moja. Kuna sehemu moja tu ya kushukia, niliyoiita "shuka", inayopokea alfa, beta, kina na rejeo, na kuyaandika yote upya kila mara, hata yale yanayoonekana hayajabadilika. Baada ya hilo nodi zililingana na za pacha kwenye nafasi zote nilizonazo.

1 Juni 2024. Vitufe

Kifaa kimekwenda kilabu. Injini inatafuta nodi 200, inatoka kwenye mzunguko, inatazama vitufe na saa, inarudi ilipoishia. Kutoka kwenyewe si kazi: n, hali na mistari vyote vimekaa mahali pake, na kurudi ni kuita mzunguko tena.

Siku ya kwanza mtoto mmoja aliniita: "Mwalimu, mashine imelala." Haikuwa imelala. Alibonyeza "acha" wakati injini inafikiri, ikaacha, ikaonyesha ubao wa ndani ya utafutaji, ngazi tisa mbele ya mchezo wake. Akaona kete zake mahali ambapo hakuziweka, akasubiri. Ukisimamisha utafutaji lazima urudishe hatua kutoka n hadi 0 kabla ya kuonyesha chochote. Wazo la kutunza nakala ya ubao wa mchezo, baiti 128, ni jepesi zaidi, na ndilo nililotumia kwa skrini: skrini inachora nakala, kamwe haichori ubao wa utafutaji.

Kasi kwenye chipu ni nodi elfu kumi na kitu kwa sekunde. Kwenye laptopu mzunguko na pacha wake wanakwenda karibu sawa, pacha anayejiita akiwa mbele kidogo, kwa kuwa kompaila inamwekea vigeu kwenye rejista za kichakata. Anayeondoa kujiita akitafuta kasi atasikitika.

15 Juni 2024. Stima na faili ya baiti 4,096

Laptopu ilikuwa inachambua usiku kucha michezo ya watoto waliokwenda mashindanoni. Stima ikakatika, betri ni ya zamani, uchambuzi ukapotea.

Hapo ndipo nilipohesabu: mistari 896, bwawa 3,072, ubao 128. Jumla baiti 4,096. Utafutaji mzima, na kila ulichokwisha kufikiria hadi sekunde hii, unaingia kwenye faili ya kilobaiti 4. Programu inayojiita haiwezi kufanya hivi bila kuhangaika na staki ya kichakata. Kwa hiyo toleo la laptopu sasa linaandika faili hiyo kila dakika, kwanza kwa jina la muda kisha linabadilisha jina, ili stima ikikatika katikati ya kuandika, faili ya zamani ibaki nzima.

Kuifungua tena kuliangusha programu. Wakati wa kuharakisha upangaji wa hatua mwezi Aprili, "hatua ijayo" ilikuwa imegeuzwa kutoka fahirisi kuwa kielekezi. Kielekezi ni anwani, na programu ikiwashwa upya anwani zinakuwa nyingine. Zaidi ya hapo, kwenye laptopu kielekezi ni baiti 8 na kwenye chipu ni 4, kwa hiyo hata ukubwa wa mstari ulikuwa umetofautiana kimya kimya kati ya mashine mbili. Fahirisi imerudi, na nimeweka ukaguzi unaomfanya kompaila akatae kazi kama mstari si baiti 28.

Jedwali la nafasi halihifadhiwi. Likianza tupu utafutaji unachelewa kidogo mwanzoni, basi. Kwenye chipu pia sihifadhi utafutaji, kwa kuwa kila ukurasa wa hifadhi yake umehakikishiwa kufutwa mara 10,000 tu. Kinachohifadhiwa ni mchezo, baada ya kila hatua ya mtoto, na kurasa zinapokezana.

29 Juni 2024. Ilipofika

Kumbukumbu: utafutaji baiti 4,096, jedwali la nafasi baiti 8,192 (maingizo 1,024 ya baiti 8), na kati ya kilobaiti 20 zinabaki 8,192 kwa skrini, historia ya mchezo na staki ya kawaida, ambayo sasa haikui. Nilinunua kibao cha pili, 28,000, ili kimoja kibaki kilabu na kingine mezani kwangu, kwa hiyo gharama imefika 153,000.

Kasoro iliyobaki ni sare ya kurudia nafasi. Injini inatambua marudio yaliyo ndani ya mistari kwa kulinganisha funguo za ngazi za juu, lakini ufunguo wa biti 32 ni mfupi na jedwali linaweza kutoa alama ya nafasi iliyofikiwa kwa njia nyingine, isiyo na marudio. Watoto wawili wa kilabu wameshagundua kwamba wakiwa nyuma wanaweza kuivuta kwenye cheki za kudumu na ikakubali. Wiki ijayo nitazuia jedwali lisijibu kwenye ngazi ya 1, kisha nitawapa kifaa wao wawili wakijaribu tena.